Mbabula chumbani inaua, na sisi tunalaumu karuho

Watu wa Kinshasa wanacheka ukiwaambia kwamba katika Kongo hii kuna mahali mtu analala amevaa koti na kofia. Waje Masisi. Waje Mushaki, Matanda, Kirolirwe au Ngungu mwezi wa sita, wakati anga ni safi bila wingu, wasikie saa tisa za usiku inavyokuwa. Sehemu nyingi za milima yetu zinapita mita 2,000 juu ya bahari. Ni baridi hiyo inayofanya fromaji yetu ikae kwenye mbao bila friji. Ni baridi hiyo hiyo inayofanya mama, akisha kuivisha maharagi, asiiache mbabula nje. Anaiingiza chumbani, anafunika makala na majivu ili yadumu mpaka asubuhi, anafunga mlango, na familia inalala. (Makala ya moto, wandugu, si makala ya gazeti. Wasomaji wetu wa Dar es Salaam watuvumilie.)

Tumezoea kuiita mbabula chombo cha kupikia. Miradi yote inayopita huku inaiita hivyo. Lakini kuanzia saa mbili za usiku mbabula haipiki chochote, inapasha nyumba joto. Huko Ufaransa sheria inamlazimisha mtu amwite fundi kila mwaka akague chombo kinachopasha nyumba yake moto, kwa sababu chombo kibovu kinatoa sumu. Chombo chetu sisi hakikaguliwi na yeyote, hakina bomba la kutolea moshi, na mara nyingi kinakaa karibu na kitanda cha watoto. Kisha asubuhi watu wakikutwa hawaamki, tunauliza ni nani aliwalisha karuho.

Hilo la karuho ndilo limenifanya niandike. Katika kijiji kimoja cha sheferi ya Bashali, ambacho sitakitaja jina ili nisiwashe tena yaliyozimika, nilifika kutafuta habari nyingine kabisa nikakuta vijana wamejaa mbele ya mlango wa mama mjane. Usiku wa kuamkia siku ile jirani zake, baba, mama na watoto watatu, walikuwa wamebebwa kwenye tipoyi hadi kituo cha afya, wakitapika, miguu imelegea, mtoto mchanga hata kulia hawezi. Jioni yake mjane alikuwa amewapelekea sahani ya maharagi. Kwa vijana wale kesi ilikuwa imekwisha. Aliyeokoa maisha ya yule mama ni shefu wa kijiji, aliyemchukua akamweka nyumbani kwake, na muuguzi mmoja aliyekuwa na akili ya kuuliza.

Muuguzi aliuliza nani alikula nini na nani alilala wapi. Ikaonekana kwamba kijana wao mkubwa alikula maharagi yaleyale, lakini alienda kulala kwa bibi yake, na alikuwa mzima. Mtoto mchanga hakula maharagi hata punje moja, na ndiye aliyekuwa hali mbaya kuliko wote. Kisha akauliza: mlilala na moto? Mama akajibu kama mtu anayeulizwa kama alilala na blanketi: ndiyo, mbabula ilikuwa ndani, kama siku zote.

Wote walipona. Mjane alirudi kwake baada ya siku tatu. Lakini nimefanya kazi hii ya redio miaka ya kutosha kujua kwamba si kila kijiji kina shefu kama yule, na si kila muuguzi anauliza. Haki ya umati haingoji uchunguzi. Kwa hiyo mbabula iliyofungiwa ndani inaweza kuua mara mbili: inaua waliolala nayo, halafu inaua jirani aliyeleta chakula.

Tueleze basi kitu chenyewe. Makala yakiwaka na hewa ya kutosha, yanatoa joto na gesi ya kawaida. Hewa ikipungua, yanatoa gesi nyingine, ile wataalamu wanaiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiitazama mbabula yenye makala mengi utaona juu yake ulimi mdogo wa moto wa bluu. Huo ndio gesi hiyo ikiungua. Ukifunika makala na majivu, ule moto wa bluu unapotea na mama anafurahi kwamba moto umetulia. Haukutulia. Gesi inaendelea kutoka, ila sasa inatoka bila kuungua, inaingia moja kwa moja kwenye hewa ya chumba. Mbabula nyekundu isiyo na moshi hata kidogo, ile tunayosema sasa ni safi, inaweza kuleta sumu ndani kuliko kuni zenye moshi wa kutoa machozi, maana moshi wa kuni unakufukuza utoke nje, na makala hayakufukuzi.

Ndani ya mwili gesi hiyo inashika damu mahali pale pale hewa safi ilipopaswa kushika, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, lakini haibebi hewa. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Mtu aliyelala hapati hata hizo dalili, anatoka usingizini akaingia kwenye usingizi mwingine. Aliyeamka anataka kufungua mlango na magoti yanakataa. Mwenye mimba na mtoto aliye tumboni wako hatarini zaidi, na watoto wadogo pia.

Sisi wa huku tuna neno moja ambalo dunia nzima ya wanasayansi wa volkano imelichukua kwetu: mazuku. Kila mtu kati ya Goma na Sake anajua mazuku, hewa mbaya inayolala mabondeni na kwenye mashimo ya mawe ya volkano, inayoua mbuzi na mbwa na wakati mwingine watoto, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Nimegundua kwamba watu wengi wanadhani gesi ya mbabula ni mazuku ya nyumbani, na wanatumia akili ya mazuku kujilinda: wanalaza watoto juu ya kitanda, wanaweka mbabula chini, wanasema hewa mbaya itabaki chini. Hapana. Mazuku ni gesi nyingine, dioksidi ya kaboni, nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini. Gesi ya mbabula uzito wake unakaribia ule wa hewa yenyewe, tena inapandishwa na joto. Inajaa chumba chote, juu na chini. Kitanda kirefu hakikusaidii kitu.

Nikisema haya katika mikutano, kuna mzee atainua mkono. Siku zote yupo, na siku zote nampa heshima yake kwa sababu swali lake ni zuri. Anasema: mwanangu, sisi tulizaliwa ndani ya moto, bibi yangu alilala kando ya mafiga maisha yake yote, alikufa na miaka mingi, hiyo gesi ilikuwa wapi?

Jibu langu ni kwamba, mzee, nyumba ile haipo tena. Nyumba ya bibi yako ilikuwa ya majani. Majani yanapumua, moshi ulipita katikati yake usiku kucha, ndiyo maana dari ilikuwa nyeusi kama sufuria. Na bibi alikuwa na kuni, hakuwa na makala. Leo tumejenga kwa mabati. Ukuta wa vijiti tumeukandika udongo mpaka hakuna tundu. Ndani tumepigilia makartoni na shitingi ili upepo usiingie. Dirisha tumelifanya dogo au tumeliacha kabisa kwa sababu ya wezi na watu wenye silaha. Tumejenga nyumba isiyopumua, tukaingiza ndani moto usiotoa moshi. Kila kitu peke yake kilikuwa maendeleo. Vikikutana usiku vinaua. (Hata bibi, tuseme ukweli, alikohoa sana. OMS inahesabu kwamba moshi wa majikoni ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiofika miaka mitano.)

Sasa dawa za uongo. Kuna wanaoweka bakuli la maji kando ya mbabula wakisema maji yananyonya sumu. Hayanyonyi gesi hii. Kuna wanaotupa chumvi juu ya makala. Bure. Na kuna ile inayopendwa zaidi katika nchi yetu ya ng'ombe: mtu akikutwa amelegea, anamiminiwa maziwa mdomoni. Maziwa ya Masisi ni mazuri kuliko yote, nitalisema hilo mbele ya hakimu, lakini sumu hii haiko tumboni, iko kwenye damu, na imeingia kwa mapafu. Mtu asiyejitambua ukimmiminia maziwa anaweza kupaliwa akafa kwa maziwa. Mtoe nje. Fungua mlango, vuta watu wote hewani, wewe mwenyewe usikae ndani kutafuta vitu. Kama hajitambui lakini anapumua, mlaze ubavu, mkimbize kituo cha afya. Katika hewa ya kawaida mwili unahitaji masaa 4 au 5 kuondoa nusu tu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni ya hospitali inakuwa karibu saa moja na nusu. Na ukifika, sema neno hili hata kama hakuna aliyekuuliza: tulilala na mbabula. Bila neno hilo muuguzi ataona kichwa kinauma na kutapika, atafikiria malaria, na huku kwetu hatakosa sababu. Alama ni hii: malaria haiwashiki watu wote wa nyumba usiku mmoja, na haipungui kwa sababu umetoka uani.

Najua nini kitasemwa baada ya hapo. Mwandishi, baridi je? Tukae nayo? Nakubali, mtu anayesema «msilale na mbabula» na kuondoka na gari lake hajasema kitu. Kwa hiyo nieleze yale niliyoona yakifanya kazi katika nyumba za watu wasio na pesa.

La kwanza ni kupasha mwili joto, si kupasha nyumba. Tofali la kuchoma, likiwekwa kando ya moto wakati maharagi yanaiva, likafungwa ndani ya kitenge kikuukuu, linakaa na joto miguuni muda mrefu. Jiwe pia linafaa, lakini liwe kavu: jiwe la mtoni au lile la volkano lenye matundu likiwa na maji ndani linaweza kupasuka motoni. Wengine wanatumia bidon ya lita 5 yenye maji ya moto, si ya kuchemka maana plastiki inalegea, wanaifunga vizuri na kuizungushia nguo. Watoto walale pamoja. Chini ya mkeka kuwe na majani makavu au makartoni, kwa sababu baridi kubwa inatoka kwenye udongo. Hayo makartoni uliyopigilia ukutani, mengine yashushe chini.

La pili ni kuzima makala, na hapa ndipo mama wengi wananisikiliza, kwa sababu ni habari ya pesa. Wanafunika na majivu kwa nini? Kwa sababu hawataki kupoteza makala na asubuhi wanataka moto. Tafuta sufuria kuukuu yenye kifuniko kinachobana. Ukimaliza kupika, ukiwa nje, mimina makala ndani yake, funika. Bila hewa yanazimika haraka, na asubuhi unayo makala yako karibu yote, mepesi kuwaka. Yale uliyofunika na majivu chumbani yaliungua usiku kucha. Mama mmoja wa Nyabiondo aliniambia gunia lake sasa linamfikisha siku kadhaa mbele kuliko zamani. Mimi sikupima, lakini namwamini, ndiye anayelipa.

Na kama mvua au usalama unawalazimisha kupika ndani, basi mlango wazi na dirisha wazi, matundu mawili yanayotazamana ili hewa ipite, na mbabula itoke kabla mlango haujafungwa. Anayejenga sasa hivi aache tundu chini ya paa kila upande, dogo la ngumi mbili, lenye wavu. Mwizi hapiti humo. Lakini nisieleweke vibaya: tundu hilo ni la moshi wa jioni, si ruhusa ya kulala na moto.

Mbabula yenyewe inataka matunzo. Majivu yakiziba matundu ya chini, hewa haipandi na sumu inaongezeka, kwa hiyo uyakung'ute kila mara kabla ya kuwasha. Uwashe nje, uiache nje mpaka moshi wa kwanza uishe. Makala yaliyolowa yaanikwe. Usiwashe na kipande cha mpira au mfuko wa plastiki, harufu ile unayoisikia ni sumu nyingine. Zile mbabula bora zenye udongo ndani hazipendi kumwagiwa maji zikiwa za moto, udongo unapasuka. Ufa mdogo unazibwa na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, unaachwa ukauke siku kadhaa kivulini.

Hizi mbabula bora zina historia kwetu. Mwaka 2007, mwaka uleule ngagi waliuawa ndani ya Virunga na biashara ya makala ikatajwa kila mahali, WWF ilianzisha mradi wa Ecomakala: watu wapande mikaratusi na miti mingine ya kuchoma, ili hifadhi ipumzike. Mbabula zenye kubana matumizi zikafuata. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na hesabu iliyotumika tangu wakati ule na karibu miradi yote: wanahesabu miti na magunia. Katika mikutano niliyohudhuria sijasikia mtu akiuliza mbabula inalala wapi. Mbabula bora inapunguza makala, haiondoi gesi. Hata nimewakuta watu wanaoamini kwamba kwa kuwa inaitwa bora, sasa hii inaruhusiwa chumbani. Mtu aliyepewa chombo bila kuelezwa hatari yake hajasaidiwa vya kutosha. Na udongo wa ndani ukivunjika baada ya mwaka, mradi umekwisha, hakuna fundi, anarudia ile ya bati la zamani. Umeme, tusidanganyane, umeme wa Matebe umewasha taa tangu 2015 kule Rutshuru, na baadaye sehemu za Goma. Juu ya milima yetu nyumba nyingi hazijaona hata nguzo.

Wenye hali ngumu kuliko wote ni wahami wa vita. Kibanda cha shitingi ni kama mfuko: upepo haupiti, mvua haiingii, na gesi haitoki. Watu sita ndani, mlango ni kipande cha nguo kilichobanwa na mawe. Wanaogawa shitingi waongeze maneno mawili juu ya moto, na blanketi moja zaidi kwa kila familia. Blanketi ndiyo inayotoa mbabula nje, si hotuba.

Walikale watasema hii si habari yao, Walikale mjini iko chini ya mita 1,000, msitu ni joto, kuni zipo na jiko liko nje. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini gesi hii haitoki kwenye makala tu. Jenereta iliyofungiwa ndani ya nyumba ili isiibiwe inaitoa, tena nyingi kuliko mbabula. Motopompu iliyoshushwa ndani ya shimo la machimbo kuvuta maji inaitoa. Vijana wa machimbo wakianguka shimoni mmoja baada ya mwingine, wa pili akimfuata wa kwanza kumwokoa, mara nyingi si pepo la mgodi. Mota ikae juu, bomba ndilo lishuke.

Ninachoomba si kikubwa. Maeneo ya afya yaongeze swali moja kwa wauguzi na kwa reko wetu: mlilala na moto? Mashefu, kabla ya kusikiliza kesi yoyote ya karuho ambapo nyumba nzima imeanguka usiku mmoja, waingie kwanza chumbani kuangalia kama kuna mbabula, na walichokiona wakiseme mbele ya watu. Wachungaji na mapadri wana watu wengi Jumapili kuliko redio yoyote, dakika mbili baada ya matangazo ya ndoa zinatosha.

Sisi wa redio nasi tutafanya letu. Nimeomba kipindi kifupi kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda na Kinyanga, na wakubwa wangu walitaka kukiweka asubuhi pamoja na habari za afya. Nimekataa. Kiwekwe jioni, saa moja na nusu, wakati maharagi yameiva na mama anashika mbabula mkononi akiangalia mlango.